Jemadari wa Mombasa si jemadar wa Madras

“Majemadari kadhaa wa Kihindi waliuawa katika mapigano ya Tanga.”

Sentensi za sampuli hii hujitokeza katika tafsiri za Kiswahili zinazohusu Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki. Kisarufi haina doa. Upatanisho wa ngeli umezingatiwa, tahajia iko sawa, na kila neno limo kamusini. Hata hivyo, hebu isome tena polepole. Ni jeshi gani hilo linalowasukuma wakuu wake mstari wa mbele, wakaanguka mmoja baada ya mwingine chini ya minazi kama embe mbivu?

Ukweli ni kwamba hakuna jemadari hata mmoja aliyeuawa Tanga mnamo Novemba 1914. Jemadari wa upande wa Waingereza, Meja Jenerali Arthur Aitken, alitoka salama, ingawa baadaye aliteremshwa cheo hadi kanali na kulipwa nusu mshahara kwa muda wote uliosalia wa vita. Waliokufa ni maafisa ambao orodha za Kiingereza huwataja kwa cheo cha ‘jemadar’, bila irabu ‘i’ mwishoni. Mfasiri ameona neno lenye sura ya Kiswahili, akafurahi, akaliongezea irabu. Kwa irabu hiyo moja amempandisha cheo afisa wa chini kabisa akawa mkuu wa majeshi.

Wanaofundisha tafsiri huyaita maneno haya marafiki wa uongo: yanafanana kwa umbo ila maana zao haziafikiani. Aghalabu wanafunzi huonywa kuhusu marafiki wa uongo baina ya Kiswahili na Kiarabu, kwa mfano ‘safari’, ambayo kwa Mwarabu ni kusafiri tu ilhali mtalii akilisikia huwaza simba. Jemadari hutajwa mara chache. Nadhani ni kwa sababu asili yake imefichika zaidi.

Neno lenyewe ni la Kiajemi lililojengwa kwa tofali la Kiarabu. ‘Jamaa’ kwa asili yake ya Kiarabu ni mkusanyiko wa watu, nayo ‘-dar’ ni kiambishi cha Kiajemi chenye maana ya ‘mwenye’ au ‘mshikaji’. Jemadar basi ni mwenye kundi. Tofali hilo hilo la Kiarabu ndilo lililotupa jamaa, jamii, jumuiya na Ijumaa, kwa hivyo anayesema “jamaa yule ni jemadari” amewakutanisha ndugu wawili wasiotambuana. Sasa zingatia jambo moja. Hakuna mahali popote ambapo neno hili linasema kundi lenyewe ni la watu wangapi. Mwenye watu kumi ni jemadar. Mwenye watu elfu kumi naye pia. Neno limeacha nafasi, na kila jamii iliyolipokea imeijaza nafasi hiyo kwa kadiri ya mahitaji yake.

Huko India nafasi ilijazwa kwa kidogo. Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India ilipounda majeshi yake ya Bengal, Bombay na Madras, ilivichukua vyeo vilivyokuwapo na kuvipanga upya, kisha ikawaweka Waingereza juu ya vyote. Kamusi mashuhuri ya Henry Yule na Arthur Burnell, *Hobson-Jobson*, iliyotoka mwaka wa 1886, inaeleza kwamba katika kombania ya wanajeshi wa Kihindi, subedar ndiye aliyekuwa afisa wa kwanza na jemadar wa pili. Lakini haikomei hapo. Inaongeza kwamba jina hilo lilitumiwa pia kwa maafisa fulani wa polisi na wa forodha, kwa msimamizi wa watumishi katika nyumba kubwa za Wazungu, na hata kwa mchota maji, ambaye watumishi wenzake walimwita hivyo kwa heshima. Leo katika Kihindi na Kiurdu cha miji mingi, jamadar ni mfagiaji wa barabara au vyoo. Sishangai kwamba katika miaka ya 1960 jeshi la India lilikiacha cheo hiki na kumwita mwenye nacho Naib Subedar, yaani naibu wa subedar.

Si jemadar peke yake aliyeporomoka. Subedar alikuwa gavana wa jimbo zima enzi za wafalme wa Mughal. Katika jeshi la Kampuni akawa mkuu wa watu mia hivi, tena chini ya kijana wa Kiingereza aliyeshuka melini juzi. Kisa cha ‘naik’ ndicho kinachonisikitisha zaidi. Naik anatokana na ‘nayaka’, jina la wafalme waliotawala Madurai, kitovu cha utamaduni wa Kitamil, kuanzia karne ya 16. Kasri la mmoja wao, Tirumalai Nayaka, lingali limesimama mjini humo. Jeshi la Waingereza lilimchukua nayaka huyu likamfanya koplo. Mfalme kuwa koplo! Sijui cheo gani kingine duniani kilichoteremka ngazi nyingi hivyo bila mwenyewe kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Tuje pwani yetu. Seyyid Said alipowashinda Wamazrui na kuitwaa Mombasa mwaka wa 1837, aliweka askari wake katika Ngome, wengi wao Wabulushi, mamluki kutoka nchi ya Baluchistan. Mkuu wao aliitwa jemadari. Je, mtu wa Mji wa Kale angeinua macho amwone nani juu ya jemadari huyo? Kulikuwa na Liwali, ambaye hakuwa mwanajeshi, na ng’ambo kule Unguja alikuwako Sultani mwenyewe. Luteni hakuwapo. Kapteni hakuwapo, wala meja, wala kanali. Mwanajeshi mkubwa kuliko wote waliopata kuonekana alikuwa ndiye huyo mwenye funguo za Ngome. Basi neno likapanda mpaka likagusa dari, kwa sababu hakuna aliyelizuia njiani.

Richard Burton alipoondoka Unguja kuelekea bara mwaka wa 1857, Sultani alimpa kikundi kidogo cha Wabulushi chini ya jemadar wao. Burton mwenyewe alikuwa amehudumu kama afisa katika jeshi la Bombay. Kwake, jemadar alikuwa mtu wa kupokea amri. Kwa wenyeji walioutazama msafara ukipita, huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa wenye bunduki. Mtu ni yule yule, siku ni ile ile, ila cheo kinategemea nani anamtazama.

Kamusi zetu zimefuata macho ya wenyeji, na zimefanya vyema. Jemadari kamusini ni kiongozi wa jeshi. Katika tenzi na hadithi za mapokeo ndiye anayepanga vikosi na kuamuru vita vianze. Hivyo basi, hatuna haja ya kurudi nyuma na kuanza kudai ati maana “halisi” ya jemadari ni afisa mdogo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa India. Wapo wanaopenda hoja za namna hiyo, kwamba maana ya kweli ya neno ni ile ya kwao lilikotoka. Kwa mantiki hiyo tungelazimika kumwita kila koplo Mfalme wa Madurai.

Nimeitaja Madurai mara mbili sasa, nanyi mnajiuliza Kitamil kinaingiaje katika mjadala huu. Kinaingia kupitia Tanga. Kikosi kilichotumwa kuuteka mji huo kutoka kwa Wajerumani kilikuwa na watu wapatao 8,000 dhidi ya watetezi wapatao 1,000 wa Paul von Lettow-Vorbeck, na bado kikashindwa. Wengi wa waliotumwa walikuwa Wahindi. Kenya tuna mazoea mabaya ya kumwita kila mtu wa Asia Kusini ‘Mhindi’ kisha tukafunga ukurasa, lakini miongoni mwao mlikuwa na wanajeshi wa jimbo la Madras, Watamil wakiwamo, katika kikosi cha 61 cha Pioneers na kile cha 63 kilichoitwa Palamcottah Light Infantry. Palamcottah ni matamshi ya Kiingereza ya Palayamkottai, mji wa Watamil karibu na Tirunelveli, kusini kabisa mwa India. Wanahistoria wa Kiingereza wamekilaumu vikali kikosi hicho cha 63 kwa kuvunjika na kukimbia. Waliowapeleka vitani bila maandalizi, wakiwa wametoka kwenye safari ndefu ya meli, walilaumiwa kwa sauti ya chini zaidi.

Sasa mtazame jemadar wa Palayamkottai. Ni mtu aliyeingia jeshini akiwa askari wa kawaida, akapanda polepole kwa miaka mingi. Anaongoza watu wa lugha yake. Hana uamuzi wowote kuhusu wapi pa kushuka pwani, saa ngapi, wala kwa nini. Afisa mdogo kabisa wa Kiingereza ana mamlaka juu yake. Ukimwandika ‘jemadari’ kwa Kiswahili, umempa heshima asiyokuwa nayo, nayo heshima hiyo inakuja na mzigo: umemfanya mmoja wa waliopanga balaa lile. Hapo ndipo ninaposhikilia kwamba hili si kosa dogo la tahajia. Cheo ni jibu la swali ‘nani alitoa amri?’ Mfasiri akikosea cheo, amejibu swali hilo kwa uongo.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniuliza swali kinyume: ukitaka kumwambia Mtamil ‘jemadari’ kwa maana yetu ya Kiswahili, utatumia neno gani? Swali zuri, na jibu lake si neno moja.

Kitamil ni lugha ya jamii ya Kidravidi, haina udugu na Kihindi wala Kigujarati. Ina wasemaji zaidi ya milioni 70, India na Sri Lanka hasa, na ni miongoni mwa lugha rasmi za Singapore. Ni lugha yenye wivu na msamiati wake. Mwaka wa 1916 mwanazuoni Maraimalai Adigal alianzisha vuguvugu la Kitamil safi lililotaka maneno ya Kisanskriti yaondolewe, naye akaanza na jina lake mwenyewe, maana hapo awali aliitwa Vedachalam. Wale wanaotushurutisha tuyafute maneno ya Kiarabu katika Kiswahili wangempenda. Mimi nampenda kwa ujasiri wake tu.

Kwa Kitamil, jeshi ni ‘padai’, neno kongwe ambalo pia lilimaanisha silaha. *Tirukkural*, kitabu cha kale kinachoheshimiwa na Watamil wa dini zote, kina sura mbili kuhusu jeshi, na zote mbili zina neno ‘padai’ katika vichwa vyake. Ukiliunganisha na ‘talaivan’, yaani kiongozi, linalotokana na ‘talai’, kichwa, unapata ‘padaittalaivan’: kichwa cha jeshi. Hili lingemfurahisha Maraimalai Adigal. Lipo pia ‘senaadipati’, la Kisanskriti tupu, lenye harufu ya kasri na tembo wa vita. Na lipo lile linalosikika kila siku, ‘talapati’, ambalo nalo asili yake ni Kisanskriti: ‘pati’ ni bwana au mwenye, sawa na ile ‘-dar’ ya Kiajemi. Mkuu wa jeshi la nchi kavu la Sri Lanka, katika magazeti ya Kitamil, ni ‘iraanuva talapati’.

Kwa haraka mtu atasema basi, jemadari ni talapati, tumemaliza. Hatujamaliza. Hebu tuangalie talapati anavyotumika. Mwaka wa 1991 Mani Ratnam alitoa filamu iliyoitwa *Thalapathi*, naye Rajinikanth akawa mhusika mkuu. (Miaka minne kabla yake alikuwa ametoa *Nayakan*, akiwa na Kamal Haasan, yule koplo wetu amerudishiwa ufalme, walau katika sinema.) Mhusika wa *Thalapathi* si mwanajeshi. Ni mtu wa mtaani, mkono wa kuume wa bwana mwingine mwenye nguvu. Katika siasa za Tamil Nadu, wafuasi wa chama cha DMK wamemwita M. K. Stalin ‘Talapati’ tangu enzi ambazo babake, Karunanidhi, ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama. Katika vita vya Sri Lanka vya 1983 hadi 2009, wapiganaji wa Tamil Tigers walimwita Prabhakaran ‘talaivar’, kiongozi; ‘talapati’ walikuwa makamanda waliokuwa chini yake.

Mnaliona jambo linalojirudia? Talapati ana mtu juu yake. Filamuni, chamani, msituni, neno hili linamsifu mtu kwa ushujaa na wakati uo huo linadokeza kwamba kuna talaivar anayemtumikia. Jemadari wa Kiswahili hadokezi hivyo. Ndani ya jeshi lake yeye ndiye mwisho. Hana mwanajeshi juu yake. Kwa hivyo mtu anayetafsiri ushahidi wa vita vya Sri Lanka kwa Kiswahili, akamwandika kila talapati kuwa ‘jemadari’, atamfanya kamanda wa eneo dogo aonekane ndiye aliyeongoza vita vyote. Mtu huyo aandikwe ‘kamanda’. Tunalo neno hilo, ni jepesi, na halisemi zaidi ya linalojua.

Pana pia suala la hisia. Katika mji wa Chennai, ukisema “Talapati!” vijana watapiga mbinja, maana hilo ndilo jina la mapenzi la mwigizaji Vijay, aliyeanzisha chama chake cha siasa mwaka wa 2024. Jaffna, kwa familia zilizopoteza watoto katika vita, neno lilo hilo halipigiwi mbinja. Kamusi haitakwambia haya, ndiposa nawashauri wanafunzi wangu wasiishie kwenye kamusi. Kwa jemadari wa tenzi zetu mimi ningechagua ‘padaittalaivan’. Ni kongwe, limetulia, na halina mashabiki.

Nasi hapa Kenya tuna vurugu yetu. Magazeti na redio zetu hutumia jemadari, jenerali, amiri jeshi, mkuu wa majeshi na kamanda kana kwamba ni sare moja inayowatosha wote. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais, kwa mujibu wa Katiba, naye ni raia. Jenerali ni cheo; mtu hustaafu nacho. Mkuu wa Majeshi ni wadhifa. Mtu huuacha ofisini. Kamanda ni kazi, na hata polisi wa kaunti wana kamanda wao. Jemadari hayumo katika ngazi hii kabisa. Jeshi la Kenya halina jemadari kama lisivyo na sultani. Ni neno la fasihi na la sifa, na ndiyo sababu linamfaa kocha wa kandanda au mwanasiasa anayepambwa jukwaani. Sina neno na matumizi hayo. Ninachokikataa ni ripoti ya habari kuandika ‘jemadari’ pale ambapo msomaji anahitaji kujua kama aliyesema ni jenerali au brigedia.

Wanaodhani mkasa huu ni wa jemadari pekee wamsikilize dereva wa matatu akisimamishwa kizuizini: “Afande, hebu nisaidie.” Afande ni ‘efendi’ wa Waturuki, bwana msomi, mtu wa kalamu. Alikuja na wanajeshi wa Kisudani waliotumikia Misri kisha wakaajiriwa na Wajerumani na Waingereza. Katika King’s African Rifles, ‘effendi’ kilifufuliwa miaka ya 1950 kama cheo cha juu zaidi kwa Mwafrika. Idi Amin alikipata mwaka wa 1959. Wakati wa vita vya Tanga, askari wa von Lettow walikuwa na ombasha na shaushi wao, koplo na sajini wa Kituruki, wakirushiana risasi na naik na jemadar waliotoka Madras. Vyeo vya Istanbul na vya Delhi vilikutana kwenye mashamba ya minazi ya Waswahili, na walioviita kwa sauti hawakuwa Waturuki wala Wamughal.

Tuirudie ile sentensi. Ningeisahihisha hivi: “Maafisa kadhaa wa Kihindi wenye cheo cha jemadar, kilicho chini ya luteni wa Kiingereza, waliuawa katika mapigano ya Tanga.” Ni ndefu, najua, na mhariri atalalamika kuhusu nafasi. Akisisitiza, aandike ‘maafisa wa chini wa Kihindi’ aishie hapo. Na ikiwa kitabu chenyewe kitatafsiriwa siku moja kutoka Kiswahili hadi Kitamil, mfasiri asimwite marehemu ‘talapati’ wala ‘padaittalaivan’. Watamil walilijua neno ‘jamedar’ kambini mwao kabla meli hazijang’oa nanga. Alirejeshe Palayamkottai kama lilivyoondoka.